Samaki Mdokozi na Ndoana ya Pili

Mtu awaye yote aliyepata kuvua kwa mshipi analijua jambo hili. Mkono umehisi mguso, mshipi umetikisika, naye amevuta upesi. Hata ndoana ilipopanda haikuwa na kitu, na chambo kimekatwa nusu yake ya nyuma kana kwamba kwa mkasi. Si kwamba samaki hakuwapo. Alikuwapo, alionja, akaenda zake na kipande chake, na mvuvi amebaki na kichwa cha dagaa kinachoning'inia katika chuma. Likitukia mara moja mtu hucheka. Likitukia mara kumi katika asubuhi moja, ndipo aanzapo kufikiri.

Katika nchi mbali mbali wako watu waliofikiri, na dawa waliyoipata ni ndoana ya pili, aghalabu ndogo kuliko ya kwanza, ifungwayo karibu nayo kwa uzi mfupi, hata samaki akishika chambo mahali ambapo ndoana kubwa haipo, akutane na ile ndogo. Twataka kueleza hapa jinsi ndoana hiyo ilivyo, ifanyavyo kazi, mahali inapofaa na mahali inapoharibu. Wala hatuisifu ovyo. Ndoana ya pili ni jibu la swali moja, nalo ni hili: samaki ameshika chambo kwa wapi? Asiyeuliza swali hilo kwanza ataongeza chuma majini bila kuongeza samaki chomboni.

Tuanze na maneno, maana maneno yakichanganyika na mambo huchanganyika. Lugha yetu inayo maneno ya kutosha ya kupambanua namna samaki alavyo. Yuko ameze, kama chewa, ambaye hufungua kinywa kipana na chambo chote huingia kwa mara moja, ndoana na yote. Yuko anyakuaye, kama nguru na kolekole, ajaye kwa kasi na kupita. Yuko adonoaye, kama kikande, mwenye kinywa kidogo na meno magumu, agongaye chambo kama kuku agongavyo punje, hata kikaisha bila ndoana kuguswa. Na yuko adokoaye. Kudokoa, kama ajuavyo kila mama mwenye watoto jikoni, ni kuchukua kidogo kwa siri katika kilichopikwa, pasipo kukaa kula. Neno hilo twaona lafaa sana kwa samaki tunayemnena: hana haraka, hana njaa kubwa, hushika ncha ya chambo kwa midomo, hukiachia, na pengine hurudi tena. Basi tutamwita samaki mdokozi.

Neno ndoana lenyewe ni la kale sana. Waganda husema okuloba, nao Wanyarwanda husema kuroba, kwa maana ya kuvua samaki. Na atazamaye maneno hayo pamoja na letu ataona bila shida kwamba shina ni moja. Walakini kwa ndoana ya pili hatuna jina lililokwisha kukubaliwa. Wamarekani huiita kwa jina la mwiba wa nyuki au wa nyigu, kwa kuwa hukaa nyuma na huchoma bila kutazamiwa. Sisi tukiiita mwiba tutawapoteza watu, maana mwiba wa samaki ni mfupa wake, na mtu akisikia kwamba samaki amenaswa kwa mwiba atadhani ni mzaha. Twapendelea kusema ndoana ya pili kwa jumla, na ndoana ya nyuma pale inapofungwa upande wa mkia wa chambo, maana, kama tutakavyoona, si lazima ikae nyuma.

Sasa tutazame kinywa cha samaki. Samaki hana mkono wa kushikia chakula, na wengi wao hawakiumi kama mbwa aumavyo mfupa. Hufungua kinywa na kutanua mashavu kwa ghafula, na maji hukimbilia ndani yakichukua chakula pamoja nayo. Kisha maji hutoka kwa kupitia mashavuni na chakula hubaki. Kwa hiyo samaki hunyonya zaidi kuliko aumavyo. Kunyonya huko kukiwa na nguvu, chambo chote huingia. Kukiwa dhaifu, au chambo kikiwa kirefu, au mshipi ukiwa umekazwa hata chambo hakiwezi kufuata maji, huingia sehemu tu, na sehemu hiyo kwa kawaida ni mkia.

Mbona kunyonya kuwe dhaifu? Sababu iliyo kubwa ni baridi. Mwili wa samaki walio wengi una joto lile lile la maji yanayouzunguka. Maji yakipoa, damu hupoa, tumbo hufanya kazi polepole, na mlo mmoja hutosha kwa muda mrefu. Samaki wa namna hiyo hakatai chakula kabisa, lakini hakikimbilii. Wavuvi wengi husema pia kwamba huwa hivyo hivyo baada ya dhoruba kupita na mbingu kuwa safi, na mahali ambapo wavuvi ni wengi na samaki amekwisha kuchomwa mara moja akapona.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate vizuri, nao ni wa samaki aitwaye walleye, wa maziwa na mito ya Kanada na ya Marekani ya kaskazini. Waojibwe, wenyeji wa nchi hizo tangu kale, humwita ogaa. Ana rangi ya zaituni iliyochanganyika na dhahabu, ana meno makali, na jicho lake ni kubwa, limefifia kama la kipofu. Walakini si kipofu hata kidogo. Ndani ya jicho hilo, upande wa nyuma, pana utando urudishao mwanga, kama ulivyo katika jicho la paka, naye wakati wa magharibi na usiku huona vema kuliko samaki wadogo awawindao. Nyama yake ni nyeupe na tamu, na watu wa huko huipenda mno, hata jimbo la Minnesota lilimfanya kuwa samaki wake rasmi mwaka 1965. Basi walleye aliyeponyoka ni kitoweo kilichopotea, wala si mchezo mtupu.

Huvuliwa mara nyingi kwa ndoana iliyomiminiwa kichwa cha risasi karibu na tundu lake, hata ndoana na chubwi zikawa kitu kimoja. Katika ndoana hiyo hutungwa samaki mdogo aliye hai: ncha huingizwa kinywani mwake na kutokezwa juu ya kichwa, ili aendelee kuchezesha mkia. Mvuvi huiteremsha mpaka chini ziwani, huinua kadiri ya shubiri moja, hushusha tena, hungoja. Msomaji ataona mara moja ilivyo kasoro ya mtego huu. Chuma chote kiko kichwani pa chambo. Nyuma ya hapo pana sentimita tano au zaidi za samaki mtupu, na huko ndiko kunakocheza, na huko ndiko kunakomvuta mdokozi.

Wakati wa kiangazi cha huko, maji yakiwa na joto la kadiri, kasoro hiyo haina madhara, maana walleye huvuta kichwa na mkia pamoja. Lakini barafu inapokwisha kuyeyuka na maji bado ni baridi, au katika majira ya mwisho kabla barafu haijarudi, mvuvi haoni pigo. Huona uzito tu, kana kwamba jani limenata katika mshipi. Akivuta, uzito huondoka. Chambo hupanda kikiwa kizima upande wa mbele, na upande wa nyuma magamba yametoka na ngozi imekwaruzwa kwa meno.

Hapo ndipo ifungwapo ndoana ya nyuma. Huchukuliwa ndoana ndogo ya ncha tatu, ya namba 10 au 12 (katika hesabu ya mafundi wa ndoana namba hizi zikipanda ndoana hupungua), hufungwa katika uzi wa sentimita tano hadi nane, na ncha ya pili ya uzi hufungwa katika tundu la ndoana kubwa, au katika pindo lake. Uzi huo sharti uwe mgumu kidogo. Ukiwa laini utajizungusha katika ndoana kubwa kila mtego unaposhuka, na mvuvi atavua mafundo. Mahali penye samaki wa meno makali zaidi, kama paiki, hutumia waya mwembamba. Kisha ncha moja ya zile tatu huchomwa katika ngozi ya chambo, karibu na mkia, chini ya ngozi tu wala si katika nyama, ili itoke kwa urahisi samaki akivutwa. Wengine hawaichomi kabisa, huiacha ielee kando ya chambo, na husema kwamba chambo hucheza vizuri zaidi hivyo. Sisi twaona neno lao lina haki mahali pasipo na majani. Penye majani, ndoana iliyoachwa huru huokota taka zote za ziwani.

Urefu wa uzi ndio ufundi wenyewe. Uzi ukiwa mfupi mno, chambo hupindika na kuzunguka kama kijiti, na samaki hukikimbia. Ukiwa mrefu mno, ndoana hubaki nyuma ya mkia, nayo haimkamati mtu ila mvuvi mwenyewe. Kipimo ni chambo chenyewe: uzi ulegee kidogo tu, chambo kikiwa kimenyooka. Kwa hiyo atumiaye vyambo vya ukubwa mbalimbali sharti awe na nyuzi za vipimo mbalimbali, zilizofungwa tayari nyumbani, maana vidole vyenye baridi havifungi fundo zuri.

Walakini kabla ya kufunga cho chote, chambo kilichorudi na kisomwe, maana ni shahidi asiyesema uongo. Kikiwa kimekwaruzwa mkiani tu, ndoana ya nyuma yafaa. Kikiwa kimekwaruzwa mpaka kichwani, basi samaki alikuwa nacho chote kinywani, na ndoana ya kwanza ilikuwapo pamoja naye. Kosa ni la ncha butu, au la mkono uliovuta kabla ya wakati, na ndoana ya pili haitaliponya. Kikiwa kimeliwa kote kidogo kidogo, huyo si mdokozi, ni mdonoaji mwenye kinywa kidogo, na dawa yake ni ndoana ndogo zaidi na kipande kidogo zaidi cha chambo. Aidha yafaa kujaribu kwanza mambo yaliyo rahisi: kutafuta chambo kifupi zaidi, kuchezesha mtego polepole, na hasa kulegeza mshipi kidogo mguso unapohisiwa, ili chambo kiweze kufuata maji yanayonyonywa. Mara nyingi hayo hutosha. Tumeona watu wakifunga ndoana tatu mahali ambapo subira ya kuhesabu moja, mbili, tatu ingalifanya kazi ile ile.

Subira hiyo nayo ina mpaka wake, na habari za kale za wavuvi wa Uingereza zaonyesha vizuri. Katika karne ya 19 wengi wao walimvua paiki, samaki mkubwa wa maji baridi mwenye kinywa kama cha mamba, kwa chambo alichoachiwa amezee kabisa. Mvuvi alihisi pigo, akaketi, akangoja dakika tano au kumi, kisha akavuta. Samaki alipatikana, ndiyo, lakini ndoana ilikuwa tumboni mwake, na hata akiwa mdogo asiyefaa kitu hakuna aliyeweza kumrudisha akiwa hai. Dawa yake ilikuwa kutandika ndoana ubavuni pa chambo, moja nyuma ya nyingine, ili mvuvi avute mara tu aguswapo. Mtego wa ndoana mbili za ncha tatu hata leo huitwa kwa jina la Alfred Jardine, mvuvi mashuhuri wa paiki wa zama hizo. Hapa pana jambo ambalo watu hulisahau wanaposema kwamba ndoana nyingi ni ukatili mtupu. Kwa paiki huyo ndoana ya pili ilikuwa njia ya kumnasa mdomoni badala ya tumboni, na aliyenaswa mdomoni aweza kufunguliwa akaenda zake.

Mskoti W. C. Stewart alikuwa na shabaha iliyo karibu na hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1857 juu ya uvuvi wa trauti, The Practical Angler. Yeye alivua katika vijito vya maji mangavu kwa nyungunyungu, na mtego uitwao kwa jina lake ni wa ndoana ndogo sana, tatu au nne, zilizofungwa katika uzi mmoja, moja juu ya nyingine. Nyungunyungu mrefu katika ndoana moja kubwa ana ncha mbili za kudokolewa. Katika ndoana ndogo zilizopangwa karibu karibu hana mahali pa salama.

Lakini mfano utupendezao kuliko yote wa nchi hizo ni wa karne iliyofuata. Trauti wa bahari ni trauti wa mtoni aliyekwenda kukua baharini akarudi mtoni kuzaa, na akiisha kurudi hula kidogo sana. Huvuliwa usiku. Hugusa nzi wa bandia si kwa njaa bali, kwa kadiri tuwezavyo kukisia, kwa mazoea ya zamani, na mguso wake ni wa ncha ya midomo. Hugh Falkus, aliyeishi kaskazini ya Uingereza, alieleza mtego wake katika kitabu chake: ndoana moja iliyovikwa manyoya machache na kutungwa funza, na nyuma yake, katika uzi mfupi, kindoana kidogo mno cha ncha tatu. Falkus alikuwa ametambua kwamba samaki hawa walikuwa wakivuta ncha za funza na kuziachia. Hakuongeza chambo, hakubadili rangi. Alipeleka chuma mahali mdomo ulipo. Mtego huo aliuita silaha yake ya siri, ingawa alikuwa akiichapisha.

Katika bahari yenye joto mambo ni mengine, kwani huko si udhaifu wa kinywa unaompoteza samaki bali ukali wake. Nguru wa pwani yetu hana haja ya kunyonya. Huja kwa kasi kutoka nyuma, hukata chambo vipande viwili kwa meno yaliyo kama wembe, hupita, kisha hugeuka kuokota kilichoanguka. Mvuvi mwenye ndoana moja kichwani mwa chambo hupandisha kichwa. Upande wa pili wa Atlantiki, katika pwani za Florida na Carolina, yuko ndugu yake nguru mwenye tabia iyo hiyo, na wavuvi wa huko humtegea samaki mzima mwenye ndoana mbili: ya kwanza puani pa chambo, ya pili ya ncha tatu mgongoni au karibu na mkia, na baina yake waya, maana uzi wa nailoni ungekatwa pamoja na chambo. Kwa macho mtego huu na ule wa walleye ni mmoja. Sababu zake ni mbili kabisa. Yule wa ziwani hushika mkia kwa uvivu, huyu wa baharini hukata mkia kwa kusudi.

Tena wako samaki wa bahari wapigao kichwa cha windo wala si mkia wake, hasa wanaposhambulia kitu kinachoshuka au kupanda wima katika kina kirefu. Wajapani walipoendeleza uvuvi wa kushusha kipande kizito cha chuma kilichochongwa kama samaki, waliona kwamba ndoana iliyo chini yake hukosa wengi, na hata ikinasa, uzito wa chuma huwa kama wenzo wa kuing'oa samaki anapotikisa kichwa. Basi waliihamisha ndoana juu, karibu na mahali mshipi unapofungwa, wakaining'iniza kwa kigwe kifupi chenye nguvu, nao huiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kusaidia. Ndiyo sababu tulisema kwamba ndoana ya pili si lazima ikae nyuma. Katika mitego mingi ya namna hiyo ile ya chini imeondolewa kabisa, na msaidizi amekuwa bwana wa nyumba.

Wajapani hao hao wanao mfano mwingine, ulio wa ajabu zaidi, wa samaki ambaye hadokoi wala hali chambo kabisa. Ni ayu, samaki mdogo wa mito safi, mwenye harufu ya kupendeza kama ya tikiti. Akiwa mzima hula ukoka mwembamba wa kijani uliogandamana na mawe, naye hulinda mawe yake kwa wivu. Mtu amvuaye hutafuta ayu mmoja aliye hai, humtia pete ndogo puani, na nyuma ya mkia wake huning'iniza kindoana kimoja au kifungu cha vindoana. Kisha kwa ufito mrefu sana, wa mita nane au tisa, humwongoza juu ya mawe ya mwenziwe. Mwenye mawe hutoka kumfukuza mgeni, humpiga ubavuni na mkiani, na kwa kufanya hivyo hunaswa. Aliyenaswa akiwa mzima wa nguvu huwekwa mahali pa yule aliyechoka, na kazi huendelea. Uvuvi huo huitwa tomozuri, na maana yake ni kuvua kwa rafiki. Rafiki wa namna gani, msomaji ataamua mwenyewe. Hapa ndoana ya kwanza haipo hata kidogo. Mahali pake pana pete, na kazi yote ni ya ile ya nyuma. Samaki hula au hali, ni mamoja, ikiwa mvuvi ajua mwili wake utapita wapi.

Hata hivyo mfano wa ayu watuleta kwenye hatari ya jambo lote. Ndoana isiyongoja kinywa yaweza kunasa popote: shavuni, jichoni, tumboni. Ndoana ya nyuma ya ncha tatu, ikiwa imeachwa huru, hufanya hivyo mara kwa mara. Samaki mkubwa akipigana, ile moja imemkamata mdomoni na ile nyingine yamtafuta ubavuni. Akitiwa katika wavu, ndoana iliyo huru huukamata wavu. Na mvuvi akimshika ili amfungue, samaki akijitupa mara moja tu, ndoana hiyo huingia katika kidole cha mtu, nao watakuwa wawili waliofungwa kwa uzi wa sentimita nane. Aivuaye kwa mtego huu na awe na koleo yenye mdomo mrefu, wala asimshike samaki karibu na kichwa kwa mkono mtupu.

Kwa amvuaye samaki ampike, majeraha hayo si neno kubwa. Kwa yule apendaye au alazimishwaye na sheria kuwarudisha wadogo, ni neno kubwa sana, kwa kuwa samaki aliyejeruhiwa katika matamvua au koo hafi mbele ya macho yetu, hufa baadaye chini. Mtu wa namna hii atumie ndoana ya nyuma yenye ncha moja badala ya tatu, na kile kijino kirudicho nyuma karibu na ncha akiminye kwa koleo mpaka kilale. Atapoteza samaki mmoja mmoja kwa ajili hiyo.

Sheria nazo hazifanani, na kabla ya kufunga ndoana ya pili katika maji ya wageni ni vema kuuliza. Katika mito na vijito vya British Columbia, huko Kanada, mvuvi huruhusiwa ndoana moja tu, ya ncha moja, isiyo na kijino. Lakini akili ya wavuvi haikushindwa. Wale wavuao trauti wakubwa warudio kutoka Bahari ya Pasifiki hutengeneza nzi wa bandia mrefu, juu ya ndoana ya kawaida, kisha huikata ndoana hiyo kwa koleo na kubakiza mti wake tu. Nyuma, katika kitanzi cha uzi, huning'iniza ndoana moja ndogo. Sheria imetimizwa, chuma ni kimoja, nacho kiko pale samaki ashikapo. Tena kwa kuwa ndoana fupi iliyo katika uzi laini haina mti mrefu wa kuibandua, samaki hawezi kuing'oa kwa urahisi. Twaona hii ndiyo namna iliyo bora kuliko zote tulizozitaja, maana imejibu lile swali la kwanza pasipo kuongeza kitu.

Mwisho kuna kanuni moja ya kazi ambayo wavuvi wazuri huishika. Ndoana ya nyuma ikiisha kufungwa, hesabu iwekwe ya samaki wanaoletwa na kila moja. Ikiwa karibu wote wameshikwa na ile ya nyuma, na ibaki. Ikiwa wanakuja nusu kwa nusu, chambo kibadilishwe kiwe kifupi zaidi na jaribio lifanywe tena. Na jua likiisha kupanda, maji yakapata joto, na samaki mmoja baada ya mwingine apandapo ndoana ya kwanza imo ndani ya kinywa na ile ya pili haina kazi, basi uzi ule mdogo ukatwe siku ile ile, ukunjwe, utiwe katika kijaluba mpaka baridi irudi.